Jicho la Binti wa Fundi Laini

Asubuhi binti alipoingia kwenye chumba cha kunyolea cha baba yake, nusu ya uso kaifunika kwa mtandio, mimi nilikuwa mlangoni nikishusha boksi la nyembe. Nilimwona kabla baba yake hajamwona. Kijipu kilichokuwa kando ya pua, ambacho jana yake kilikuwa kama punje ya mtama, kilikuwa kimeshapandisha uvimbe mpaka kwenye kope. Jicho la kushoto limejifumba lenyewe. Ngozi imekaza, inang'aa, nyekundu iliyoanza kuingia weusi.

"Ulikiminya?" nikamuuliza.

"Kidogo tu, mama."

Kidogo tu. Wodi zimejaa watu wa kidogo tu.

Kuanzia hapo mambo yote yalikuwa ya jicho lile: libaki au liende. Lakini mtu hawezi kuelewa kwa nini baba mwenye akili zake timamu, asiye na mwingine duniani ila huyo binti, alikaa mbele ya daktari akauma maneno, bila kujua kwanza Fundi Laini ni nani na huo ulaini aliupata wapi.

Fundi Laini hakuzaliwa laini. Alipobalehe alitoka chunusi ambazo wenzake hawakuwa wameziona kwa mtu. Si vile vipele vya kupita. Vinundu vya usaha, mashavu mazima, mpaka chini ya taya. Shuleni wakampa jina la Kichuguu. Aliacha masomo akaenda kufagia nywele kwa kinyozi mmoja mkali, akitarajia kwamba siku moja atashika mashine. Wateja wakagoma. "Huyu asiniguse, ataniambukiza." Chunusi haziambukizi, lakini nani wa kubishana na mteja? Mwenye duka akamsukuma uani akafue taulo. Alifua taulo mpaka mikono ikachubuka, na kila alipopita mbele na beseni lake watu waligeuza nyuso.

Aliyemtoa huko ni muuza dawa wa mtaa wa pili. Alimpa chupa ndogo ya maji yanayonuka spiriti, yenye antibiotiki ndani yake, akamwambia apake asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa, kisha arudi amwone. Akapaka. Vinundu vikanywea, vikakauka, vikabaki madoa, kisha na madoa yakafifia. Hakurudi kumwona muuza dawa kama alivyoambiwa. Alirudi kununua nyingine tu. Mwenye duka alipomwona usoni akampa mashine siku hiyohiyo, kama vile mikono yake ilikuwa imepona pamoja na mashavu.

Hapo ndipo hesabu ya maisha yake ilipofungwa. Uso ulimnyima kazi, dawa ikampa uso, uso ukampa kazi. Nani angemwambia kwamba dawa hiyo ina mwisho? Mimi nisingemwambia. Mtu haachi kitu kilichomtoa uani.

Alipofungua chumba chake mwenyewe, jirani na duka langu, alikuja na wazo ambalo kwa jicho la biashara nilimvulia kofia. Wanaume wengi wakinyolewa ndevu hutoka vipele, na vijana wana chunusi zao juu yake. Kinyozi wa kawaida anakupiga spiriti, anakufuta, kwaheri. Yeye baada ya spiriti na taulo alikuwa na hatua moja zaidi. Alikugeuzia mgongo, akafungua kabati, akamimina kitu kwenye pamba, akarudi, "Funga macho, bosi," akakupaka uso mzima mpaka shingoni. Kila mteja. Mwenye chunusi na asiye nazo, mtoto wa shule na babu yake. Vichupa vidogo alivinunua kwa siri, akavibandua karatasi, akavimimina kwenye chupa moja kubwa ya kahawia isiyokauka. Aliiita "ile ya mwisho", basi. Watu walitoka kwake kama mayai, wakaleta ndugu zao, na jina la Kichuguu likafa. Akawa Fundi Laini.

Mimi nauza vifaa vya kinyozi na saluni kwa jumla. Watu wananiita Mama Jumla. Alinunua kila kitu kwangu isipokuwa hicho. Nilimtega mara nyingi.

"Fundi, hiyo ya mwisho unaichota kisima gani?"

"Mama Jumla, wewe niuzie nyembe."

"Nikiijua nitakuletea kwa nafuu."

"Ukiijua utamletea na yule wa ng'ambo. Nakujua vizuri, mama. Hata kivuli chako ungekikodisha."

Alikuwa hajakosea sana.

Yule wa ng'ambo alikuwa kinyozi mwenzake, mlango ukitazamana na mlango, mtu wa mwili mkubwa na redio kubwa zaidi. Vita vyao vilikuwa burudani ya mtaa. Siku moja yule wa ng'ambo alimtuma shemeji yake anyolewe kwa Fundi Laini, kisha atoke mbio uso ukiwa bado umelowa, ili wanuse. Fundi Laini akaishtukia hila. Alipomaliza kumpaka akamshika kichwa, akampepea kwa gazeti mpaka akakauka kabisa, halafu akamwambia, "Sasa kamsalimie shemeji." Tulicheka wiki nzima. Yeye hakucheka. Mke wa yule wa ng'ambo alikuwa nesi hospitali ya wilaya, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. "Yule mwanamke akiinusa tu, kwisha habari yangu," aliniambia. "Mumewe hajui kitu, lakini yule anasoma vibandiko siku nzima."

Binti yake walimwita Kitinda, ingawa alikuwa wa kwanza na wa mwisho. Mama yake alishaolewa kwingine na hakutazama nyuma. Kitinda alipofika umri wa chunusi, zikamtoka kama zilivyomtoka baba. Fundi Laini alipoziona alikurupuka kama mtu aliyeona moto. Siku hiyohiyo akamjazia kichupa chake. Asubuhi apake, jioni apake. Chunusi zilipoisha, aendelee kupaka, iwe kinga. Na onyo moja: "Usimwambie mtu. Hata rafiki yako wa kulala kitanda kimoja. Hili ndilo jembe letu." Mtoto akatii. Miaka ikapita, amekuwa msichana mzima, kichupa hakijawahi kukauka.

Ila dawa yenyewe ilikuwa inachoka. Sisi majirani tuliona bila kujua tunaona nini. Wateja wa zamani walianza kurudi na malalamiko.

"Fundi, mbona safari hii nimerudi na zangu zote?"

"Nitakuongezea kidogo."

"Uliniongezea mara ile."

"Basi leo nakufunika kabisa. Funga macho."

Aliongeza pamba, akaongeza maji, akapaka mara mbili. Wengine wakaanza kutoka majipu shingoni, yale ya kweli, ya usaha. Akasema ni jasho, ni joto, ni kola za mashati ya mitumba. Mtu mwenye dawa moja akiona haifanyi kazi, hufikiri haijatosha.

Sasa turudi kwenye ile asubuhi. Fundi Laini aliweka mashine chini, akamkalisha binti kwenye kiti cha wateja, akamtazama. Kisha akafanya kile alichokijua. Akafungua kabati, akalowesha pamba, akaibandika juu ya jipu. Binti akauma meno.

"Fundi," nikasema, "hilo ni la hospitali."

"Litashuka."

"Limeshapanda jichoni, unaniambia litashuka?"

"Mama Jumla, nimeona majipu kuliko wewe ulivyoona noti."

Akafunga mlango mapema, akampeleka nyumbani. Akanunua na vidonge kwa muuza dawa, akaeleza mwenyewe anachotaka, akapewa. Kesho yake binti alikuwa anatetemeka kwa homa na jicho limetoka nje kidogo, kama limesukumwa na kidole kutoka ndani. Alipojaribu kuligeuza halikugeuka. Hapo sikuomba ruhusa. Nilisimamisha gari, nikamwingiza binti, nikamwambia baba yake, "Unapanda au unabaki na chupa yako?" Akapanda.

Hospitali ya wilaya unaijua hata kama hujafika: korido ndefu ya rangi ya kijani iliyofutika kwenye usawa wa mabega ya watu, benchi za mbao, dirisha la kadi, harufu ya dawa ya sakafu. Walivyomwona hawakutuweka foleni. Daktari, mama wa makamo aliyevaa raba za michezo chini ya koti jeupe, alimtazama mara moja akaita kitanda. Mimi nikabaki kwenye benchi na viatu vya binti mkononi. Kilichosemwa ndani nilikijua baadaye, kwa binti mwenyewe, na nakiweka hapa mahali pake.

Daktari aliuliza dawa gani haipatani na mwili wake. Binti akasema penisilini, alishawahi kuvimba mwili mzima. Daktari akatikisa kichwa, maana hiyo ilimfungia mlango mkubwa. Kisha akauliza, "Usoni anapaka nini? Dawa ya chunusi, krimu, losheni, chochote?"

Fundi Laini alifungua mdomo. Mlango ukafunguliwa, akaingia nesi na sinia la sindano. Nesi mwenyewe alikuwa mke wa yule wa ng'ambo.

"Ah, jirani!" nesi akasema. "Kumbe ni mtoto wetu. Pole sana, mama."

Fundi Laini akafunga mdomo, akaufungua tena. "Sabuni ya kawaida," akasema. "Na maji."

Daktari akamgeukia binti. "Ni kweli? Hakuna kingine?"

Binti akamtazama baba yake kwa jicho moja. Homa imempanda, kichwa kinampasuka, lakini onyo alilokua nalo lilikuwa na nguvu kuliko homa. "Sabuni tu, daktari."

Basi daktari akachagua dawa kwa yale aliyoambiwa. Akachukua usaha kidogo kwenye kijiti, akautuma maabara uoteshwe, akatundika dripu.

Siku ikapita. Uvimbe haukushuka. Asubuhi iliyofuata lile la kulia nalo likaanza kuwa zito. Daktari akatoka akatukuta kwenye benchi, akasimama badala ya kukaa.

"Nitawaambia wazi. Maambukizi yameingia nyuma ya jicho. Kutoka hapo si mbali na ubongo. Dawa niliyompa huwa inashinda majipu ya namna hii, na hapa hata haijagusa. Maabara bado hawajamaliza. Kama kuna kitu sijaambiwa, huu ndio wakati wake."

Fundi Laini akatazama sakafu. Nesi alikuwa amesimama nyuma ya daktari, akibadilisha glovu.

"Hakuna, daktari," akasema.

Walipoingia ndani nilimsogelea mpaka goti likagusa goti. Maisha yangu yote nimekula kwa kusoma uso wa mtu anayeficha bei. Uso wa mtu anayeficha nautambua kwenye giza.

"Fundi. Ile ya mwisho. Binti anaipaka?"

"Inaingiaje hapo?"

"Sijakuuliza inaingiaje. Anaipaka?"

"Tangu zamani."

"Simama, kamwambie daktari."

"Nitamwambia." Akashusha sauti. "Yule mwanamke yupo humo ndani. Zamu yake inaisha mchana. Akitoka tu, nitamwambia."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Unangoja nesi abadilishwe?"

"Ni masaa machache, mama. Jicho limekaa siku, litakaa mpaka mchana. Nikisema mbele yake, jioni mumewe anayo. Nikipoteza kazi, huyo binti nitamlisha nini akipona? Nitarudi kufua taulo?"

"Mwenye jicho moja utamlisha nini?"

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Basi naingia mimi."

"Ingia." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Utamwambia nini? Kwamba kinyozi ana chupa? Unajua kilichomo?"

Hapo alinikamata. Sikujua. Miaka yote ya kumtega, sikujua. Bidhaa ilikuwa kwake peke yake na alijua hivyo. Nikajaribu njia zote nilizozijua. Nikamwambia nitampa mzigo wa duka bila kulipa mpaka asimame tena. Akatikisa kichwa. Nikamwambia nitasusa kumuuzia yule wa ng'ambo, hata wembe mmoja. Akatikisa kichwa. Nikamtukana. Akavumilia. Nikasema daktari atamtoa nesi chumbani tukimwomba. "Atauliza kwa nini anatolewa," akasema, "na huyo si mjinga."

Nikaingia hata hivyo. Nilimwambia daktari kwamba baba anapaka watu dawa asiyotaka kuitaja, na binti anaipaka pia. Daktari akatoka mbio, akamshika bega.

"Mzee, ni dawa gani?"

Nesi akatoka nyuma yake. Fundi Laini akamwona. "Ni mafuta tu ya mitishamba," akasema. "Mama huyu anapenda kukuza mambo."

Nimeona watu wakidanganya kwa ajili ya vitu vikubwa na vidogo. Sijawahi kuona uongo uliomkausha mtu mate namna ile. Daktari alimtazama, akanitazama mimi, akarudi ndani kuongeza dawa nyingine kwa kubahatisha, maana kwa aliyoambiwa hakuwa na lingine la kufanya.

Mchana ukafika. Nesi wa zamu inayofuata hakuja. Mtoto wake alikuwa mgonjwa, wakasema atachelewa. Mke wa yule wa ng'ambo akabaki. Fundi Laini alikuwa akitazama mlango wa korido kama mtu anayesubiri mgeni. Kila raba ilipolia sakafuni alinyanyuka. Jua likahama kutoka dirisha moja kwenda lingine. Nesi bado yupo.

Kisha tukasikia sauti ya binti kutoka ndani, ndogo, bila kilio. "Daktari, mmezima taa?"

Taa zilikuwa zinawaka. Daktari alikuwa amelifunika jicho la kulia kwa kiganja, akalifumbua la kushoto na kulimulika kwa tochi.

Fundi Laini hakuingia, alianguka ndani. Alisema yote kwa mkupuo mmoja, jina la dawa, tangu lini, mara ngapi, mbele ya daktari, mbele ya nesi, mbele ya wagonjwa wa vitanda vya jirani. "Klindamaisini! Ni klindamaisini, ya maji, ya chunusi! Anapaka asubuhi na jioni tangu alipovunja ungo! Jamani, niokoleeni jicho la mwanangu!"

Daktari aliusimamisha mkono wake hewani. Kisha akaizima dripu. "Ndiyo hiyohiyo ninayompa," akasema taratibu. "Kwenye mshipa. Tangu jana."

Aliita dawa nyingine, akaita gari la kumpeleka hospitali kubwa, akaita watu. Katika pilikapilika hizo nesi alisimama na chupa ya dripu mkononi, akamtazama Fundi Laini, na nikamsikia kwa masikio yangu.

"Hii ndiyo ulikuwa unaificha, jirani?" Hakuwa anamcheka. "Hii? Mume wangu anaipaka wateja tangu mwaka ule wa mafuriko. Ananunua kwa muuza dawa wa mtaa wa pili. Vinyozi wote wa barabara hii wanayo. Siku hizi haimkaushi mtu yeyote, nimemwambia mara ngapi aache."

Fundi Laini akaketi sakafuni, kando ya kitanda cha binti yake.

Hospitali kubwa waliuokoa uhai, na jicho la kulia. La kushoto walilitoa, kwa sababu lilikuwa limeshakufa na lilikuwa linataka kulivuta na la pili. Majibu ya maabara yalikuja yakisema kile ambacho baba mtu alishakisema akiwa amechelewa: wadudu wale walikuwa wameizoea dawa ile kabisa. Daktari wa huko alitueleza vizuri, kwa subira ambayo mimi nisingekuwa nayo. Dawa yenyewe si sumu. Imewasaidia wengi, na ilimsaidia Fundi Laini mwenyewe ujanani. Lakini haipakwi peke yake. Hupakwa na mwenzake, benzoili peroksaidi, ambaye wadudu hawamzoei, halafu huachwa baada ya wiki chache, miezi michache kwa wenye nyingi. Haipakwi shavu lisilo na kitu. Ukimpaka mtu kila siku kwa miaka, wale dhaifu wanakufa na wale sugu wanabaki na uso mzima peke yao. Na si wadudu wa chunusi peke yao; hata wale wa majipu walioko kwenye ngozi hiyohiyo wanafundishwa usugu.

"Kwa hiyo ningesema siku ile ya kwanza?" Fundi Laini akauliza.

Daktari alitafuta maneno. "Wangeanza dawa nyingine mapema," akasema. "Siwezi kukuapia."

Nilijua anachofanya. Alikuwa anampunguzia. Fundi Laini naye alijua.

Binti alirudi nyumbani kabla mvua hazijaanza, akiwa na bandeji, kisha bila bandeji, na kope iliyoshonwa. Muda wote huo hakuna aliyemwambia habari ya nesi na zamu. Alidhani baba yake alisahau, au hakujua kuwa dawa ya kupaka ni ya kuhesabiwa. Nesi mwenyewe, aliyekuwa ameshatambua kuwa siku ile alingojwa atoke, ndiye aliyemwambia, bila kujua kuwa hajui, alipokuja kumsafisha kidonda. Alikuwa akimsifu: ulivyovumilia, mama, na baba yako anangoja niondoke.

Siku hiyo nilikuwa pale nimepeleka sabuni. Fundi Laini aliingia na maji ya moto kwenye beseni, akaliweka, akakunja mikono ya shati ili amwoshe uso kama kawaida. Kitinda akausukuma mkono wake.

"Baba, ulikuwa unamngoja nesi aondoke?"

Akasimama na kitambaa kinachovuja. "Nani kakuambia?"

"Nakuuliza wewe."

"Ndiyo."

"Na mimi nililala pale nasema sabuni."

"Ulitii."

"Nilitii." Aliegemea ukuta. "Ungenikonyeza tu ningesema. Ungekohoa. Nilikuwa nakutazama wewe, nilikuwa simtazami daktari."

Nikashika mkoba wangu niondoke. Binti akaniambia, "Mama Jumla, kaa. Nataka shahidi."

Nikakaa. Nimekaa kwenye mapatano mengi, ya wenye viwanja, ya waliorithi duka moja. Huyu msichana aliweka masharti yake bila kupandisha sauti na bila kurudi nyuma, na sikuona mahali pa kumkosoa. Anaweza kwenda kwa mama yake, alisema, mama ameshamtumia salamu. Atabaki kwa sharti moja. Chumba cha kunyolea kifunguliwe, na kila mteja atakayekaa kwenye kiti, kabla hajashikwa kichwa, aambiwe. Aambiwe alichokuwa anapakwa, kwa jina lake, na kilichotokea. Yeye atakaa pale ndani asikie kwa masikio yake.

"Watakimbia wote," Fundi Laini akasema.

"Najua."

"Tutakula nini?"

"Uliliuliza hilo pale kwenye benchi pia. Mama Jumla ameniambia."

Ni kweli, nilimwambia. Nesi alipoondoka aliniuliza, nami sikuona sababu ya kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Fundi Laini akakubali. Nilimwona akimwambia mteja wa kwanza, kijana wa gereji, mashavu yamejaa chunusi. Alisimama nyuma ya kiti, akasema yote kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe, na Kitinda kwenye kona, uso wazi. Kijana alimtazama binti, akatazama mlango.

"Sawa, Fundi, pole. Lakini mimi jicho langu zima. Nipake tu, nina mtoko Jumamosi."

"Sina."

"Unanibania mimi mteja wako?"

"Nenda kliniki. Watakupa na mwenzake, na watakuambia lini uache."

"Kliniki na foleni ile? Kwa chunusi?" Akavua shuka la nywele mwenyewe, akavuka barabara. Redio kubwa ya ng'ambo ilikuwa inaimba. Tulimwona akikaa, tukamwona akifumba macho.

Wengine wakafuata. Wapo walioondoka kwa heshima na wapo waliosema uso wa binti unawatia nuksi. Yule wa ng'ambo alikuja mara moja kutoa pole, amejaa mlango mzima, kofia mkononi. Nikamwuliza kama ameacha. "Mama Jumla," akasema, "watoto hawa wa chunusi ndio wanaosomesha wangu. Wakiacha kuomba, nitaacha kupaka." Mkewe halali naye vizuri siku hizi, nasikia. Yeye bado anapaka.

Mimi sasa hivi simpelekei Fundi Laini boksi zima la nyembe. Namkatia pakiti, na mara nyingine hiyo pakiti inakaa. Nilimshauri ahamie mtaa mwingine, aanze upya, asijitangaze. Akanitazama kama nimemtukana, kisha akageuka kumtazama binti yake aone kama amesikia.

Jioni nikifunga duka napita mlangoni kwao. Yeye anafagia sakafu isiyo na nywele. Binti anakunja mataulo safi yaleyale ya jana, anayapapasa kingo kwa vidole kwa sababu umbali bado unamdanganya.

"Leo umemwambia nani, baba?"

"Hakuna aliyekuja."

"Basi kesho," Kitinda anasema, na anaendelea kukunja.